Gharama ya Tangi la Tatu

Katika kiwanda kile cha kukuza nyama kila mtu aliijua kanuni, tangu mlinzi wa lango hadi Meneja mwenyewe. Aliyeshika nyama mbichi ya mnyama haingii chumba cha matangi siku hiyo. Tangi likiharibika, aliyeliharibu akisema kwa kinywa chake hulipa lishe iliyopotea na kubaki kazini. Akificha na kugunduliwa, hulipa na kuondoka. Kanuni hiyo ilisomwa kila Jumatatu kabla ya mtu yeyote kuvaa koti jeupe, na wafanyakazi wa zamani waliifuatisha kwa midomo bila kutoa sauti.

Chanzo chake kilikuwa fedha. Nyama ile ilianza kwa chembe chache zilizotolewa mwilini mwa ng'ombe bila kumchinja, zikatiwa katika matangi ya chuma, zikanyweshwa lishe: maji yenye sukari, chumvi na protini zilizokuja kwa ndege ndani ya masanduku ya barafu. Lishe hiyo peke yake ilikula zaidi ya nusu ya gharama zote. Kuzalisha kilo moja kulihitaji elfu tisini, ilhali hoteli mbili zilizoinunua nyama hiyo zilikataa katakata kupita elfu sitini. Pengo lilizibwa kwa mkopo, na benki ilikuwa imekwisha kuanza kuuliza maswali. Tangi moja likiharibika, pengo lilizidi kupanuka.

Mama Pacha, aliyepata jina hilo kwa ajili ya binti zake wawili, alikuwa mlishaji wa matangi katika zamu ya asubuhi. Kazi yake aliijua, na alijua kwamba anaijua. Siku ya Jumatano alipochungulia kidirisha cha tangi la tatu, akaona lishe iliyopaswa kung'aa kama chai ya rangi imegeuka ukungu mzito, kama maji yaliyooshewa mchele, hakungoja kuambiwa. Alibonyeza kengele, akarudi nyuma hatua chache, akasimama huku mikono yake imening'inia kama si yake.

Mpimaji alikuja na kichupa chake, akachota, akaenda kwenye darubini. Hakukawia kurudi.

"Limekwenda," alisema. "Bakteria. Tena hawa ni wa nyama mbichi ya ng'ombe. Kuna mtu ametuletea bucha humu ndani."

Walioingia chumba kile siku iliyotangulia walikuwa wawili tu: Mama Pacha, na mwosha matangi, mjane wa makamo ambaye kiwanda kizima kilimwita Shangazi. Meneja aliwaita ofisini kwake. Alikuwa mtu mkavu, asiyepiga kelele, na ndiyo maana aliogopwa.

"Lishe iliyomo katika tangi lile ni ya laki kumi na mbili," alisema. "Simsachi mtu, wala simtishi mtu. Nani ana la kusema?"

Mama Pacha alikuwa nalo. Jumanne alfajiri mumewe, muuza nyama, alijikata kiganja kwa kisu wakati shule ya bweni inasubiri oda yake. Akamwomba mkewe amsaidie kutoa mifupa katika paja moja. Alisaidia. Kisha alioga mara mbili, akakata kucha hadi zikamuuma, akaenda kazini kimya. Angetoa taarifa, angepelekwa upande wa kufungasha, na posho ya chumba cha matangi, elfu kumi na tano, ingempita siku hiyo. Isitoshe, alikuwa na hakika na mikono yake. Miaka yote mikono ile haikuwahi kuharibu hata kichupa.

Sasa alifungua kinywa kuyasema. Kabla neno la kwanza halijatoka, Shangazi alisema:

"Ni mimi, bwana Meneja."

"Wewe, Shangazi?"

"Jana nilipitia buchani kwa Baba Pacha nikanunua mifupa ya supu. Niliiacha pale kwa mlinzi, ndani ya mifuko miwili. Nilinawa hadi viwikoni. Lakini mfuko ulikuwa umelowa, na mimi macho yangu si yale ya zamani. Kama si mimi, ni nani tena? Huyu mwenzangu tunamjua alivyo msafi."

Meneja alishusha pumzi. "Umesema mwenyewe. Utalipa, na utabaki. Fedha ziwe kwa Mhasibu kesho kutwa, Ijumaa, kabla ya saa sita mchana."

"Laki kumi na mbili," Shangazi alirudia polepole, kama mtu anayesoma namba ya nyumba asiyoifahamu.

Walipotoka, Shangazi alimshika Mama Pacha bega. "Usinisikitikie, mwanangu. Yatapita." Na Mama Pacha, aliyekuwa na jibu moja tu la haki, alisema, "Pole, Shangazi."

Jioni ile aliyasema yote buchani, mumewe akiosha meza kwa mkono mmoja, ule mwingine umefungwa bendeji. Nyuma yao friza kuukuu ilikuwa ikinguruma na kukohoa. Friza mpya walikuwa wamekwisha kuilipia arubuni ya laki kumi kwa muuzaji. Ilibaki laki tano waichukue.

Baba Pacha alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo mkewe hakulitarajia.

"Tangi hilo lingetoa kilo ngapi?"

"Arobaini."

"Na lilikuwa limefika nusu?"

"Nusu, ndiyo."

"Yaani laki kumi na mbili kwa nusu ya kilo arobaini!" Alitupa mezani kitambaa cha kufutia. "Mke wangu, kwa fedha hizo mimi nanunua fahali mzima, na chenji nanunua kamba ya kumfungia. Halafu mnasema mtatufungisha maduka! Ng'ombe wangu anakula majani, ananyeshewa, anapata jeraha na kupona mwenyewe. Hiyo nyama yenu ya chupa ikipigwa chafya tu, msiba."

"Ng'ombe wako anakula miaka minne ndipo umpate," Mama Pacha alijibu, maana katika jambo hili hakuwa mtu wa kushindwa hata akiwa na huzuni. "Na ukishampata, pembe, kwato na mavi unamuuzia nani? Yetu kila gramu inaliwa. Litakapokuja tangi kubwa, lishe itanunuliwa kwa jumla, bei itashuka. Kitu chochote kipya huanza ghali. Hata simu zilianza ghali."

"Simu haiozi."

"Baba Pacha, sikuja kubishana bei. Shangazi amebeba mzigo wangu."

Mwanamume alikichukua tena kitambaa chake. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Amejibebesha mwenyewe. Wewe hukumtaja. Sikiliza: unapata laki nne kwa mwezi. Ukisema, hiyo ni mishahara mitatu, na huenda wakakufukuza juu yake, kwa kuwa leo ulinyamaza. Friza hii ikizima wiki ijayo, duka nalo limekwenda. Pacha watasomea nini? Tumpe Shangazi kitu kidogo kila mwezi, kimyakimya. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe na mimi, basi. Sisi ni mwili mmoja."

Hapo mlango wa waya ulilia. Aliingia Shangazi mwenyewe, kanga begani, amebana noti ndogondogo mkononi.

"Hodi jamani. Baba Pacha, nina deni lako la mifupa. Elfu tatu. Nimekuja kulimaliza, kwa maana kuanzia leo hutaniona kwa muda. Natafuta mtu wa kunichukulia cherehani."

"Cherehani unauza?" Mama Pacha aliuliza. Cherehani ile ndiyo iliyowalisha wajukuu wa Shangazi mwishoni mwa kila mwezi.

"Yule fundi wa kona ananipa laki mbili. Kakangu kaahidi laki tatu. Zilizobaki nitamwangukia Meneja, anikate kidogokidogo." Alicheka kwa kujikaza. "Sasa nikuulize, Baba Pacha, wala usikasirike. Ile mifupa haikuwa na ugonjwa? Watu wa kiwandani wameanza kuniuliza."

Uso wa muuza nyama uliiva. "Nyama yangu ina muhuri wa daktari, Shangazi. Nyama yoyote mbichi ina wadudu wake. Moto ndio huwaua. Hizo elfu tatu rudi nazo. Na chukua mifupa hii, bure."

"Bure kwa nini?" Shangazi alimtazama kwa mshangao. "Mimi nimefiwa? Deni ni deni, baba." Aliziweka noti juu ya meza, akazinyoosha kwa kiganja moja baada ya nyingine, akaaga, akaondoka.

Hakuna aliyezigusa. Mama Pacha ndiye aliyeanza kusema, na hakupaza sauti.

"Miaka kumi na moja umeuza hapa. Wenzako wote mtaani wanakandamiza mizani kwa kidole gumba, na wewe hukuwahi. Ulipopungukiwa hukukandamiza, pacha walipougua hukukandamiza. Ndiyo sababu nilikubali kuolewa na mtu anayenuka mafuta ya ng'ombe. Leo unanishauri mimi nikandamize, na aliye juu ya mizani ni yule mama?"

Baba Pacha alizichukua zile elfu tatu, akazitia mfukoni, akafunga duka. Nyumbani alikula bila kusema. Pacha mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Redio ya Baba leo imeisha betri," mwenzake akaangua kicheko, na hata kicheko hicho hakikumfumbua mdomo.

Asubuhi Mama Pacha aliondoka mumewe akimpa mgongo. Alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa Meneja kabla ya kuvaa koti. Ndani alimkuta Meneja na Mpimaji wameinamia karatasi kubwa yenye michoro ya mabomba.

"Bwana Meneja, tangi la tatu nililiharibu mimi. Shangazi hana kosa."

Alieleza yote: paja, kisu, maji aliyooga, posho aliyoitamani. Hakujipunguzia wala hakulia. Meneja alimsikiliza kalamu ikiwa mkononi, na alipomaliza hakumkaribisha kiti.

"Jana ulisimama hapohapo uliposimama. Ulikuwa umepoteza ulimi?"

"Niliogopa."

"Uliogopa. Mama wa watu akavaa kosa lako, ukamwambia pole?"

"Nilimwambia pole."

Mpimaji alikohoa, akageukia dirishani. Mama Pacha hakuinamisha uso.

"Unajua tulikuwa tukifanya nini hapa?" Meneja aliigonga ile karatasi kwa kalamu. "Shangazi aliposema ni yeye, maana yake ni kwamba mtu aweza kunawa vema, nyama ikabaki kwa mlinzi, na bado tangi likafa. Basi tatizo lingekuwa katika uoshaji wetu. Tulikuwa tunaagiza mvuke uwe mara mbili kwa kila tangi, na boila nyingine. Mpimaji, mwambie."

"Elfu nane zaidi juu ya kila kilo," Mpimaji alisema. "Kila siku, kwa kila tangi."

"Elfu nane! Mimi nakesha nikitafuta pa kupunguza mia tano. Ningeipelekea benki gharama mpya, na benki ingetufunga, kwa kosa ambalo halikuwapo. Wafanyakazi hudhani kanuni ile niliitunga ili niwakamue. Lishe iliyokwisha kumwagika haitanitajirisha. Ninachonunua kwa kanuni ile ni ukweli, kwa maana bila ukweli siwezi kujua kilo moja inanigharimu nini." Aliikunja karatasi. "Ulichelewa siku moja. Mpimaji, huko ni kusema au ni kuficha?"

Mama Pacha alikuwa akisikia mota za matangi ng'ambo ya ukuta. Mpimaji aliwaza, na hakufanya haraka.

"Hakuna aliyemgundua," alisema mwishowe. "Kama asingekuja, tusingejua kamwe. Amesema."

"Amesema," Meneja alikubali, ingawa kwa shingo upande. "Lakini kwa ile siku moja, sikukati kidogokidogo kwenye mshahara kama ambavyo ningemfanyia Shangazi. Laki kumi na mbili, zote, Ijumaa kabla ya saa sita. Zisipofika, usije Jumatatu. Na sasa nenda kamwambie yule mama mwenyewe, mbele ya wenzake. Mimi sitakusemea."

Alikwenda. Shangazi alikuwa ameinama ndani ya tangi tupu na brashi yake, wafungashaji wakipita na masanduku. Mama Pacha alisema mbele yao wote, kwa sauti iliyosikika. Mfungashaji mmoja akapiga mluzi, mwingine akasema, "Loo, na usafi wote ule!" na kicheko kikazagaa.

Shangazi alijiinua taratibu, akajifuta mikono.

"Kwa hiyo sikunawa vibaya?"

"Ulinawa vizuri, Shangazi."

"Usiku kucha nimejitazama mikono hii nikidhani imezeeka." Alimtazama kwa muda mrefu, na macho yake hayakuwa laini. "Nimekukasirikia, mwanangu, na nitakukasirikia hadi nichoke. Lakini njoo unishikie taa hapa. Chini huku sioni vizuri."

Mama Pacha akashika taa.

Usiku wa Alhamisi Mama Pacha alimwambia mumewe kiasi na saa. Alijibu neno moja tu, "Nimesikia," akalala. Ijumaa asubuhi Mama Pacha aliamka akakuta kitanda upande wa pili kimepoa, na duka, alipolipitia, lina kufuli. Jambo hilo halikuwahi kutokea siku ya Ijumaa. Alifika kazini, akalisha matangi yake yaliyobaki, akapima joto, akaandika. Alikuwa ameamua kwamba kama ni siku yake ya mwisho, matangi yale yasimjue kwa unyonge.

Saa tano ilipopita alivua koti, akaenda kusimama karibu na dirisha la Mhasibu, ambako wafanyakazi walikuwa wamepanga foleni ya posho. Mhasibu alikuwa binti mwenye miwani, mwenye adabu. Alimtazama kwa huruma, kisha akaitazama saa ya ukutani.

Baba Pacha aliingia jasho likimtiririka, bado amevaa aproni yenye madoa. Mlinzi alikuwa akimfuata nyuma akipiga kelele, "Mzee, na damu hiyo hupiti! Mzee!"

"Sifiki kwenye hayo mapipa yenu," Baba Pacha alimjibu bila kugeuka. "Naishia dirishani."

Foleni ilimfungulia njia, wengine kwa heshima, wengine kwa kukwepa aproni. Mmoja alimtania, "Bucha! Umekuja kununua ya chupa?"

"Ndiyo," alisema. "Tena nimenunua ghali kuliko nyote."

Mama Pacha alimsogelea. "Umezitoa wapi?"

"Muuza friza kanirudishia laki tisa. Moja kaila, anasema ni ya usumbufu. Usumbufu gani? Friza hata hakuisogeza!" Alizungumza haraka, macho yake hayatulii. "Zilizobaki nimemuuzia Kipara mapaja yangu yote ya leo."

"Kipara?" Kipara alikuwa muuza nyama wa ng'ambo ya barabara, naye na Baba Pacha hawakuwa wamesalimiana tangu pacha wajue kutembea.

"Amenipa laki tatu kwa kitu cha laki tano. Akanilazimisha nimbebee hadi ndani kwake, wateja wangu wakinitazama. Nikabeba." Alijifuta jasho. "Kiganja kilichokatika ni changu, Mama Pacha. Na oda ilikuwa yangu. Ulisimama peke yako pale ofisini kwa vile mimi nilikuonyesha mgongo. Hilo nitakulipa taratibu. Hili la leo tulimalize."

Aliugeukia mlango mdogo wa dirisha, akapanga mafungu ya noti juu ya ubao.

"Anayelipa ni nani?" Mhasibu aliuliza, kalamu tayari.

"Mume wa mlishaji wa matangi."

"Kazi yako, baba?"

"Muuza nyama," alisema, na foleni nzima ilimsikia. "Nyama ya ng'ombe."

Binti alihesabu mara moja, akahesabu tena, akafungua faili lake, akapitisha kidole kwenye mstari.

"Fungu la mwisho la lishe halikumiminwa lote kabla ya kengele. Mpimaji amelirudisha stoo. Kwa hiyo deni ni laki kumi na moja na elfu tisini na tano." Alisukuma noti ya elfu tano chini ya kioo. "Hii ni yako."

Mlinzi, aliyekuwa amefika akihema, alisubiri kuona kama mzee yule angeiacha kwa majivuno. Baba Pacha aliichukua noti, akaiinua kwenye mwanga kuhakikisha si ya bandia, akaikunja, akaitia mfukoni mwa aproni. Mhasibu akapiga muhuri, akampa Mama Pacha stakabadhi. Saa ya ukutani ilionyesha dakika chache kabla ya saa sita.

"Sasa hatudaiani," Baba Pacha aliliambia dirisha. Kisha akamwambia mkewe, "Rudi kazini. Hayo mapipa yako yatakuwa na njaa."

Mama Pacha alivaa koti lake jeupe, akanawa hadi viwikoni, akaingia.